Soma Daftari la Mashine Kabla ya Kupiga Fomati

Ukikaa maabara ya kompyuta wiki mbili kabla ya kukusanya projekti, utasikia sentensi ile ile kutoka midomo tofauti: "Jana ilikuwa inafanya kazi." Anayeisema huwa hadanganyi. Jana kweli ilikuwa inafanya kazi. Kinachonikera ni kinachofuata. Anatokea jamaa mwenye flashi mfukoni, anaangalia skrini kwa sekunde kumi, anatoa hukumu: "Piga fomati ndugu yangu, anza upya." Kufikia jioni mashine ni mpya, bando limekwisha, na hakuna atakayejua tena kilichoharibika kilikuwa nini. Wiki inayofuata ugonjwa unarudi, maana kilichouleta kimepakuliwa upya pamoja na vingine vyote.

Kwenye kompyuta yenye Linux, swali la "kati ya jana na leo kimebadilika nini?" lina jibu lililoandikwa. Halimo kichwani mwa mwenye mashine wala mwa fundi. Limo kwenye faili, lina tarehe, saa, dakika na sekunde, na ukilisoma vizuri mara nyingi unaweza kuirudisha mashine ilipokuwa bila kugusa hata ukurasa mmoja wa kazi yako. Nitazungumzia zaidi Ubuntu na Debian, kwa sababu ndizo ninazokutana nazo kwenye laptopu za wenzangu. Watu wa Fedora na Arch nitawapitia njiani.

Kwanza tuelewane kuhusu neno kifurushi, maana hapa chuoni ukilitaja kila mtu anafikiria MB. Programu ya Linux huja ikiwa imefungwa pamoja na namba ya toleo lake na orodha ya programu nyingine inazozitegemea. Hicho ndicho kifurushi. Anayevisimamia kwenye Debian na Ubuntu anaitwa apt, na chini yake yupo dpkg, ambaye ndiye hasa anayefungua mzigo na kuupanga kwenye diski. Kila apt anapoweka, kusasisha au kuondoa kifurushi, anaandika. Huhitaji kumwamuru aandike. Ameanza kuandika tangu siku mashine ilipowekewa mfumo. Ukitaka kumsoma, fungua teminali uandike:

less /var/log/apt/history.log

Nitoe mfano wa kweli. Mwezi wa nane mwaka 2024, dada mmoja wa kozi ya takwimu alikuja kwenye vimbweta na laptopu yake yenye Ubuntu 22.04. "Kaka, sijagusa kitu. Nimeiwasha tu asubuhi, WiFi hamna." Alikuwa na siku nne za kumtumia msimamizi wake sura ya matokeo, na tayari kuna mtu alishamwahidi kumpigia Windows. Tulifungua faili hilo, tukashuka hadi chini kabisa, maana mambo mapya huandikwa mwishoni. Tukakuta kitu cha namna hii, nimekipunguza kidogo:

Start-Date: 2024-08-14  06:41:12
Commandline: /usr/bin/unattended-upgrade
Install: linux-image-6.8.0-40-generic:amd64 (6.8.0-40.40~22.04.3, automatic)
Upgrade: linux-image-generic-hwe-22.04:amd64 (6.5.0.45.45~22.04.1, 6.8.0-40.40~22.04.3)
End-Date: 2024-08-14  06:43:50

Mistari mitano, na kila mmoja una ushahidi. Wa kwanza na wa mwisho vinasema kazi ilianza na kuisha lini: saa 12 na dakika 41 asubuhi, hata dakika tatu haikuchukua. Wa pili unasema ni amri gani iliyoitwa. Angekuwa yeye ndiye aliyeandika "apt upgrade", tungeiona hapo, na chini yake ungekuwepo mstari unaoanza na Requested-By wenye jina lake la kuingilia kwenye mashine. Mstari huo haupo. Amri iliyopo, unattended-upgrade, ni mtumishi wa Ubuntu anayeamka mwenyewe kila asubuhi kati ya saa 12 na saa 1 kutafuta masasisho ya usalama. Kama mashine ilikuwa imezimwa muda huo, anaamka ikishawashwa. Kwa hiyo dada wa watu alikuwa anasema kweli tupu. Hakugusa kitu. Mashine ndiyo iliyojigusa.

Huwa nasisitiza jambo hili kwa sababu mafundi wetu wana tabia ya kuanza na mahojiano ya polisi: "Ulibonyeza nini? Ulipakua nini?" Mwenye mashine anaona aibu, anaanza kubuni majibu ili ionekane anakumbuka. Daftari halioni aibu.

Mstari wa Install unataja kilichoingia kipya, na neno automatic linamaanisha hakikuombwa kwa jina, kimekuja kwa kumfuata mwingine. Mstari wa Upgrade ndio mtamu zaidi. Ndani ya mabano kuna namba mbili: ya kushoto ni toleo lililokuwepo, ya kulia ni lililokuja. Ya kushoto ndiyo anwani ya kurudi nyumbani. Hapa keneli, yaani kiini cha mfumo kinachoongea na vifaa, ilitoka familia ya 6.5 ikaingia familia ya 6.8. Na WiFi yake ilikuwa kile kidude cha kuchomeka kwenye USB, ambacho draiva yake haikuja na Ubuntu bali ilijengwa kando kwa ajili ya keneli ya zamani. Keneli mpya haikuitambua.

Sasa angalia ugumu ulipo: mashine isiyo na WiFi haiwezi kupakua dawa ya WiFi. Lakini Ubuntu haifuti keneli ya zamani pale inapoweka mpya. Tuliiwasha upya, tukashikilia kitufe cha Shift ili menyu ya kuwashia ionekane (mashine nyingine zinataka Esc), tukaingia kwenye mstari ulioandikwa Advanced options for Ubuntu, tukachagua ile ya 6.5. WiFi hiyo hapo. Bando lililotumika: sifuri. Kisha, ili kesho asubuhi mtumishi yule asiirudishe mbele tena, tulikifunga kifurushi:

sudo apt-mark hold linux-image-generic-hwe-22.04

Amri hiyo inamwambia apt kifurushi hiki asikiguse hadi atakapoambiwa. Ninaipenda na ninaiogopa. Keneli iliyofungwa haipokei marekebisho ya usalama, na ukishasahau kwamba uliifunga, umejiachia mlango wazi mwaka mzima. Matoleo yaliyofungwa unayaona kwa "apt-mark showhold", na kuyafungua ni "apt-mark unhold". Dada aliandika tarehe ya kufungua kwenye kalenda ya simu yake, wiki moja baada ya kukusanya, na draiva ikajengwa upya kwa utulivu.

Si kila tatizo linakuja na mshukiwa mmoja wa wazi kama huyu. Ukisasisha baada ya miezi mitatu, mstari wa Upgrade unaweza kujaa majina mia mbili. Hapo anza na saa. Mara ya mwisho programu ilifanya kazi lini? Mara ya kwanza ilikataa lini? Barua pepe uliyotuma, tarehe ya faili ulilohifadhi, hata ujumbe wa WhatsApp uliomlalamikia rafiki, vyote hivyo ni saa. Kilichoingia nje ya dirisha hilo kiache. Kama tatizo lina mwezi au zaidi, kumbuka kwamba daftari hufungwa kila mwezi, likabanwa na kupewa namba, na la miezi 12 iliyopita hubaki. Madaftari yaliyobanwa hayasomeki kwa less ya kawaida kwenye kila mashine, lakini unaweza kuyapekua yote kwa mpigo:

zgrep r-base-core /var/log/apt/history.log*

Weka jina la kifurushi unachokishuku badala ya r-base-core.

Kuna daftari la pili, /var/log/dpkg.log, ambalo ni la dpkg mwenyewe. Hili linaandika hatua kwa hatua: kifurushi kimefunguliwa nusu, kimepangwa nusu, kimekamilika. Kwa sisi ambao umeme ukikatika laptopu yenye betri iliyokufa inakatika nao, daftari hili ni la thamani kuliko lile la kwanza. Ukikuta kifurushi kimeishia kwenye half-configured na baada ya hapo hakuna mstari mwingine hadi kesho yake, umeshajua kilichotokea: kazi ilikatwa katikati. Hapo wala hurudi nyuma. Unamwomba dpkg amalizie alipoachia kwa "sudo dpkg --configure -a". Nimeona mashine tatu au nne zikihukumiwa kifo hapa chuoni zilizohitaji mstari huo mmoja tu.

Tuseme sasa umempata mhalifu na namba yake ya zamani unayo. Kumrudisha kunahitaji kitu ambacho daftari halina: kifurushi chenyewe cha zamani. Daftari linakumbuka jina, halihifadhi mwili. Unaanza kwa kuuliza ni matoleo gani bado yanapatikana, kwa "apt-cache policy" ikifuatiwa na jina la kifurushi. Ukiliona lile unalolitaka, unaliita kwa namba yake kamili:

sudo apt install jina-la-kifurushi=namba-ya-toleo

Usipoliona, angalia folda ya /var/cache/apt/archives, ambako apt huweka vifurushi anavyopakua. Ila kuna mtego: ukitumia amri ya apt, huvifuta baada ya kuviweka, ukitumia apt-get, huviacha. Ndiyo maana wazee wa Linux wenye intaneti ya kusuasua bado wameng'ang'ania apt-get, na mimi siwacheki. Kwenye Debian kuna kimbilio kubwa zaidi, snapshot.debian.org, ghala linalohifadhi vifurushi kama vilivyokuwa siku kwa siku tangu mwaka 2005. Unalipa tarehe, linakupa Debian ya tarehe hiyo.

Wenzetu wa Fedora wamerahisishiwa. Kwao kila shughuli ya kuweka au kuondoa hupewa namba, na "dnf history" inaziorodhesha. Ukiona namba 57 ndiyo iliyoharibu, unaandika "sudo dnf history undo 57" na inatenguliwa. Usiichanganye na rollback: undo inatengua shughuli hiyo moja, rollback inatengua kila kilichofanyika baada yake. Na zote mbili zinakwama palepale nilipotaja, kama kifurushi cha zamani hakipo tena kwenye ghala. Arch wana /var/log/pacman.log, na vifurushi vya zamani hubaki /var/cache/pacman/pkg mpaka uvifute mwenyewe.

Waliokwenda mbali kuliko wote ni watu wa Nix. Eelco Dolstra aliandika tasnifu yake ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, mwaka 2006, akijenga wazo kwamba toleo jipya lisikae juu ya la zamani kabisa. Kila toleo lina chumba chake, na "kusasisha" ni kubadilisha mshale unaoonyesha chumba kinachotumika. Kwenye NixOS, kurudi nyuma ni kuugeuza mshale tu. Siwashauri mkaihamie wiki ya mitihani, lakini kwa mtu wa sayansi ya kompyuta anayetafuta mada ya semina, pale pana mada.

Kuna wanaoona kurudi toleo la zamani ni ushamba, kwamba mpya ni bora na mwenye akili husonga mbele. Hao huwa nawasimulia mkasa wa xz. Tarehe 29 Machi 2024, Andres Freund, mhandisi wa PostgreSQL aliyeajiriwa Microsoft, alitangaza kwamba programu ya kubana mafaili iitwayo xz, toleo la 5.6.0 na 5.6.1, ilikuwa imepandikizwa mlango wa siri wa kupenyea kwenye seva kupitia ssh. Alikuwa anapima kasi ya mambo mengine, akaona kuingia kwa ssh kunakula muda zaidi, kama nusu sekunde hivi, akafuatilia. Kwenye Debian matoleo hayo yalikuwa yamefika matawi ya majaribio, tawi thabiti lilisalimika.

Siku hiyo waliokuwa salama ni wa toleo la zamani. Na swali walilojiuliza wasimamizi wa seva halikuwa "nina toleo gani sasa?" pekee. Lilikuwa "je, mashine hii iliwahi kulibeba, kuanzia lini hadi lini?" Mashine inaweza kuwa safi leo na ilikuwa na mlango wazi wiki tatu zilizopita. Jibu lilikuwa kwenye daftari, kwa anayejua kupekua jina la liblzma5 ndani ya dpkg.log. Sasa sikia walivyofanya Debian. Msimamizi wa vifurushi huona namba kubwa ndiyo mpya, kwa hiyo ukimletea 5.4.5 wakati ana 5.6.1 anaipuuza. Wakatoa kifurushi chenye namba 5.6.1+really5.4.5-1. Nje kinaonekana kimesonga mbele, ndani ni cha zamani. Ukiwahi kukutana na neno really kwenye namba ya toleo, ujue hapo kuna watu walirudi nyuma kwa makusudi.

Hata hivyo msiende mkadhani kurudisha kifurushi ni kurudisha kila kitu. Kifurushi kinarudi, data hairudi. Ukiirudisha Firefox toleo la nyuma, itakataa kufungua wasifu uliokwisha kutumiwa na toleo jipya. Wameweka kizuizi hicho tangu toleo la 67 mwaka 2019, kulinda data zako. PostgreSQL ni kali zaidi: folda ya data ya toleo kubwa moja haisomwi na toleo kubwa lingine, kwa hiyo mwenye projekti ya hifadhidata atoe nakala kwa pg_dump kabla ya kugusa chochote, mbele au nyuma. Na mipangilio iliyoko /etc ina maisha yake. Yule dpkg anayekuuliza wakati wa kusasisha kama ubaki na faili lako au uchukue la mtengenezaji, swali ambalo wengi hulijibu kwa kubonyeza Enter bila kusoma, huacha lile lisilochaguliwa pembeni likiwa na mkia wa .dpkg-dist au .dpkg-old. Kabla ya kulaumu toleo jipya, tafuta mikia hiyo.

Nimeacha mwisho eneo ambalo linawagusa hata wasiojali Linux ni nini, yaani matokeo ya utafiti wenu. R toleo la 3.6.0, lililotoka Aprili 2019, lilibadilisha namna ya kuchagua sampuli kwa nasibu. Ukiandika set.seed(123) kisha sample() kwenye R ya 3.5 na ya 3.6, unapata watu tofauti ndani ya sampuli, na hakuna ujumbe wa kosa wowote. Msimbo ni ule ule, mbegu ni ile ile, jedwali namba 4 limebadilika. Mwaka uliofuata 4.0.0 ikaacha kugeuza maneno kuwa faktori yenyewe. Kwenye Python, pandas 2.0 ya Aprili 2023 iliondoa append kwenye DataFrame, na scikit-learn toleo la 0.22 lilibadilisha kanuni chaguo-msingi inayotumika ndani ya LogisticRegression. Append walau inapiga kelele ikikosekana. Hizo nyingine zinakubadilishia namba kimyakimya, halafu siku ya utetezi mtahini anaendesha msimbo wako kwenye mashine yake, anapata kitu kingine, anakuangalia juu ya miwani. Utamwambia nini? "Jana ilikuwa inafanya kazi"?

Kwa R jibu lipo: RNGkind(sample.kind = "Rounding") inarudisha uchaguzi wa zamani. Lakini lazima kwanza ujue matokeo ya mwanzo yalitoka toleo gani, na hilo linajulikana kama uliandika matokeo ya sessionInfo() siku ulipoendesha uchambuzi, au kama daftari la apt bado linakumbuka. Ninadhani idara zetu zingeacha kudai rangi fulani ya jalada zikadai ukurasa mmoja wa matoleo kwenye viambatisho, tungekuwa tumepiga hatua kubwa zaidi.

Wa Python mna kazi ya ziada, kwa sababu pip akiweka kifurushi hamwambii apt, na yeye mwenyewe kwa kawaida haachi daftari la shughuli. Akisasisha anafuta toleo la zamani, basi. Kwa hiyo daftari mliandike nyinyi, kila mnapofika mahali matokeo yanaeleweka:

pip freeze > matoleo-2025-03-10.txt

Tarehe iwe ya siku hiyo, na faili likae folda moja na msimbo, pia kwenye barua pepe yako, maana flashi za hapa chuoni tunazijua. Kurudi ni "pip install -r" na jina la faili hilo, ndani ya mazingira mapya ya venv ili usivuruge mengine. Wanaotumia conda wana nafuu: "conda list --revisions" inaonyesha kila mabadiliko kwa namba, na "conda install --revision 3" inayarudisha mazingira yote kwenye hali ya namba 3. Mkianza kuandika sura ya nne, anzeni na hiyo kwanza.